Nina 3.6 na kazi ya msimu ghalani: naweza kuwa mtafiti wa kazi chuo kikuu?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nilihitimu shahada ya sosholojia kwa GPA ya 3.6. Tangu hapo, kila msimu wa korosho nafanya ukarani kwenye ghala hapa Mtwara, na msimu ukiisha namsaidia mama dukani Chikongola. Natamani kuwa mtafiti wa chuo kikuu katika sosholojia ya kazi. Wenzangu wananiambia niachane na ghala niende Dar nikajikaze huko, na kwamba mada ya vibarua haina ulaji. Je, kwa mtu kama mimi njia ipo? Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile chungu, maana nikiliacha la mwisho utaona nilikuzungusha. Hiyo 3.6 inakufungia mlango mmoja, na ndio mlango ambao wengi wanaujua: kuajiriwa na chuo kikuu cha umma kama mkufunzi msaidizi, yule ambaye wanafunzi humwita TA. Matangazo ya nafasi hizo, ambayo siku hizi hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa miaka sasa yameng'ang'ania 3.8 kwa shahada ya kwanza, na kwa anayeomba uhadhiri msaidizi yanaongeza 4.0 ya uzamili. Tena mara nyingi hata tangazo la mhadhiri mwenye uzamivu hurudi nyuma na kukuuliza shahada ya kwanza uliipata kwa ngapi. Mimi utaratibu huo siupendi. Mtu aliteleza mwaka wa kwanza kwa sababu mkopo ulichelewa na alikuwa analala kwa jamaa, halafu mtelezo ule unamfuata mpaka anaota mvi. Lakini ndio uliopo. Vyuo visivyo vya umma hulegeza kidogo. Nimewahi kuona vikitaka 3.5. Soma tangazo lenyewe, usisome lile lililofupishwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ngazi zenyewe hazina siri: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kuvuka kutoka uhadhiri msaidizi kunataka uzamivu. Baada ya hapo kinachompandisha mtu ni makala zilizopitiwa na wataalamu na kuchapwa kwenye majarida yanayotambulika, na makala mliyoandika watu watano haikuletei pointi sawa na uliyoandika mwenyewe. Kufundisha vizuri kunapongezwa sana kwenye mahafali.

Sasa nije kwa hao wenzako wanaokuambia uache ghala. Hapo ndipo napingana nao, na sababu yangu si ya kukupa moyo tu.

Michael Burawoy, aliyekuja kuwa rais wa chama cha kimataifa cha wanasosholojia mwaka 2010 hadi 2014, hakuanzia maktaba. Alifika Zambia mwaka 1968, akaajiriwa kwenye ofisi ya migodi ya shaba iliyoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Nchi ilikuwa na uhuru tangu 1964, na migodi ilikuwa ikitangaza kwamba Wazambia wanapandishwa vyeo. Yeye alikuwa amekaa palepale karatasi zinapopita, akaona jambo ambalo takwimu hazikulisema: Mzambia akipewa kiti, Mzungu aliyekuwa amekikalia alitengenezewa kiti kingine juu yake. Mpaka wa rangi haukuvunjwa, ulisogezwa. Utafiti ule ulichapwa mwaka 1972. Baadaye akaenda Chicago kusoma uzamivu, akaingia kiwandani kuendesha mashine, na huko akagundua ni kiwanda kilekile ambacho Donald Roy alikuwa amekifanyia kazi na kukichunguza miaka 30 hivi kabla yake. Alipofariki Februari 2025, wengi walimkumbuka kwa nadharia. Mimi namkumbuka kama karani aliyetazama.

Wewe umeshakaa kwenye kiti hicho. Mtafiti anayetoka Dar au Ulaya atahitaji miezi, barua na fedha kufika pale unapofika wewe saa moja asubuhi ukiwa na kalamu sikioni. Hebu nikuulize. Asubuhi lori za vyama vya msingi vya ushirika zikipanga foleni, ni nani anayeamua kuli yupi aingie na yupi abaki nje ya geti? Orodha iko kwa nani, kwenye karatasi au kichwani mwa mtu? Malipo yakihesabiwa kwa gunia, yanagawanywa sawa kwa kundi zima, au kiongozi wa kundi anakata chake kwanza? Mnada ukiahirishwa na magunia yasitoke, nani anakula siku hiyo na nani anakopa kwa mama ntilie? Na wale kina mama wanaofagia na kuokota korosho zilizomwagika, wameajiriwa na nani hasa? Majibu ya nusu ya maswali haya unayo tayari. Hujayaita utafiti kwa sababu hakuna aliyekuambia ndio utafiti wenyewe.

Lakini nikuonye hapohapo. Burawoy kule Zambia sehemu kubwa ya kazi aliifanya bila wakubwa wake kujua anachokitafuta. Leo kamati ya maadili ya chuo chochote haitakupitishia hilo, na nadhani kamati ina haki. Hao makuli ni majirani zako. Wengine wanamuita mama yako shangazi. Unachokiona sasa kama karani kiandike kwenye daftari lako binafsi kama kumbukumbu, bila majina, bila kunakili vitabu vya ghala, bila kupiga picha stakabadhi za watu. Siku utakapokuwa na kibali ndipo utarudi, utawaambia wazi unachotaka, na atakayekataa umwache. Kumbukumbu zile hazitakuwa data zako. Zitakusaidia kujua uulize nini, na kumtambua anayekujibu ili uondoke.

Umesema mada haina ulaji. Nadhani wenzako wamechanganya mambo mawili: mada kutokuwa na fedha na mada kutokuwa na watu. Hapa kwetu sosholojia ya kazi ililelewa na majirani, yaani watu wa fani nyingine. Kitabu kikubwa kuhusu tabaka la wafanyakazi Tanzania, kilichotoka 1986, kiliandikwa na mwanasheria, Issa Shivji. Historia ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam iliandikwa mwaka 1970 na mwanahistoria, John Iliffe. Kule Johannesburg, Edward Webster alianzisha kitengo cha utafiti wa kazi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1983, kikakua bega kwa bega na vyama vya wafanyakazi. Kwetu hatukupata kitu cha namna hiyo. Ndiyo maana uwanja una nafasi, na ndiyo maana pia utapata tabu ya msimamizi: anayejua kazi atakuwa idara ya historia au sheria, na wa idara yako atakuwa mtu wa afya ya jamii au jinsia. Usichukie. Tafuta wawili.

Na kusini yetu ina mengi kuliko inavyodhaniwa. Lindi na Mikindani zilikuwa na mashamba ya mkonge, na waliokata mkonge wengi walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, baadhi yao Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Kadi ya kipande ilihesabu siku 30 za kazi, na mtu aliijaza kwa namna yake, huku akikumbuka shamba lake la mtama. Kisha ukaja mradi wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea, 1947 hadi 1951. Kila mtoto wa shule anajua kwamba ulikufa, na wazee wanakumbuka reli iliyong'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mtafiti Matteo Rizzo, katika makala ya 2006, hakutaka kuucheka tena mradi huo. Aliuliza mradi ule ulilifanyia nini soko la vibarua la kusini kati ya 1946 na 1952. Angalia jinsi swali moja linavyogeuza hadithi iliyochakaa. Wote walikuwa wanatazama karanga, yeye akatazama waliolipwa kuzilima.

Fanya vivyo hivyo kwa korosho. Maandishi kuhusu korosho ni mengi mno, lakini yanahusu bei, mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada) tangu ulipoanza hapa msimu wa 2007/08, vyama vya ushirika, kangomba (ununuzi wa korosho kwa magendo), na ule msimu wa 2018 serikali ilipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Mkulima yupo, mnunuzi yupo, chama kipo. Kibarua hayupo. Anayepulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho ya mtu mwingine, akijifunga kitambaa puani, hayupo. Mbanguaji anayelipwa kwa kilo na kupaka vidole vyake mafuta yasiunguzwe na utomvu wa ganda, anatokea kwenye picha ya jalada basi. Gesi nayo ni hivyohivyo. Baada ya vurugu za 2013 za kupinga gesi kupelekwa Dar, enzi za "Mtwara kuchele", kila mwenye kinasa sauti alishuka hapa kuuliza watu walitarajia nini. Bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, wachimba mtaro wakalipwa wakatawanyika. Waliotawanyika walikwenda wapi? Mzee mmoja wa Msimbati aliwahi kuniambia, bila hasira, "Nyie mnakuja, mnaandika, mnaondoka, halafu anakuja mwingine anauliza yaleyale." Sikuwa na jibu la maana siku ile.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo ukilishika mapema litakutofautisha na waombaji wengine wa uzamili. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi ulitenganisha "kazi" na "ajira". Mama anayelima mihogo ya kula nyumbani kwake Nanyamba anafanya kazi, lakini kwa kipimo hicho hana ajira. Akilipwa kupalilia shamba la jirani asubuhi moja katika wiki inayoulizwa kwenye dodoso, basi anayo. Ukisoma Utafiti wa Nguvukazi, ule wa 2014 na wa 2020/21, soma kwanza kurasa za tafsiri za maneno kabla ya majedwali. Mikoa kama yetu, ambayo mtu mmoja ni mkulima Februari, mpuliziaji Juni, mwokotaji Oktoba na kuli Desemba, ndiyo inayovifanya vipimo hivyo vitoe jasho. Hapo tu pana tasnifu.

Kalenda nayo. Likizo ndefu ya vyuo huangukia katikati ya mwaka, kwa hiyo watafiti wengi hufika Mtwara Julai na Agosti. Wanaona salfa na palizi, wanakuta maghala matupu, wanahoji viongozi wa ushirika walio na nafasi, wanarudi. Msimu wa mauzo ukifunguka Oktoba wao wako darasani. Ni jambo dogo, lakini nadhani limepotosha picha yetu ya kazi ya korosho kuliko nadharia yoyote mbaya. Wewe unaweza kuwapo Oktoba mpaka Januari. Liandike hilo kwenye andiko lako la utafiti, waziwazi, kama sababu ya kuchaguliwa wewe.

Sasa njia. Ukienda Dar kama wanavyokushauri, kazi utakayoipata kwanza ni ya kukusanya data, na nikusimulie ilivyo, kwa kuwa nilipita humo. Nilikuwa na umri kama wako, tukachukuliwa vijana sita kwenda Newala kwa miezi mitatu. Dodoso lilikuwa na kurasa 24, na sehemu moja ilimuuliza mbanguaji: je, unaona kulipwa kwa kilo ni haki? Tuliuliza swali hilo kwa sauti nzito ya kisomi. Sisi wenyewe tulikuwa tunalipwa kwa dodoso. Dodoso likikosewa ukurasa, halilipwi. Mwenzetu mmoja aliugua malaria wiki nzima na wiki ile haikuwa na pesa. Mbanguaji mmoja aliyetuangalia tukihesabu makaratasi jioni akacheka, akasema, "Kumbe na nyie mnabangua." Makala zilipotoka majina yetu hayakuwamo, hata kwenye shukrani.

Sikuambii hivi ili uogope. Kazi hiyo ifanye, maana ndiyo inayofundisha kuhoji, na msimamizi mzuri wa mradi ndiye atakayekuandikia barua ya kukupeleka mbele. Ila uingie ukijua kwamba mtafiti wa kazi naye ni mfanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumruka. Omba mkataba wa maandishi. Uliza unalipwa kwa siku au kwa dodoso, nani anagharamia nauli na matibabu, na kama utashiriki kuandika, jina lako litakaa wapi. Uliza kabla ya kupanda basi. Atakayekasirishwa na maswali hayo amekuokoa muda.

Kwa uzamili, si lazima uhamie Dar mara moja. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa hapa Mtwara, na mtu anaweza kusoma huku anafanya kazi. Ubaya wake ni upweke, na wengi hukwama kwenye tasnifu kwa kukosa mtu wa kuwasukuma. Idara ya sosholojia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, itakupa wenzako wa kubishana nao, jambo ambalo lina thamani kubwa kuliko watu wanavyofikiri, lakini utalipa kodi ya chumba. Stella Maris, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) kilichopo hapahapa, kitembelee hata kama husomi pale: nenda kajue nani anafundisha nini, omba kuhudhuria mihadhara yao ya wazi. Mlimani nao wanajenga kampasi Lindi, kwa upande wa kilimo. Wenye kilimo wakija kusini, watahitaji mtu anayejua nani hasa analima. Popote utakapokwenda, lengo lako la uzamili liwe 4.0 na zaidi, si kwa kujivuna, ni kwa sababu ya ile 3.6. Huwezi kuifuta. Unaweza kuizidisha uzito upande wa pili wa mizani mpaka chuo kisicho cha umma, au taasisi ya utafiti, ikuone.

Fedha: kwa wanaoandika tasnifu, mashirika ya utafiti ya CODESRIA ya Dakar na OSSREA ya Addis Ababa kwa miaka mingi zimetoa ruzuku ndogo kwa watafiti vijana wa sayansi za jamii Afrika, na DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ina ufadhili wa uzamili na uzamivu unaosomewa hapahapa Afrika. REPOA, taasisi ya utafiti pale Dar, huajiri watafiti wasio wahadhiri. Wizara na mashirika ya kazi huhitaji watu wa tathmini. Huo ndio ulaji, haunoneshi, lakini upo. Na mara nyingi mtu huingia chuoni kwa mlango wa nyuma: anafanya utafiti nje miaka mitano, anachapa makala mbili nzuri, kisha idara inamtafuta yenyewe kwa kozi ambayo haina mwalimu.

Kuhusu vibali nitasema kwa haraka. Ukiwa mwanafunzi, chuo kitakupa barua. Barua itakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ishuke kwa wa wilaya, ishuke kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kila ngazi ina siku zake na muhuri wake. Ghala na chama cha msingi wanataka barua yao peke yake. Anza Julai kama unataka kuingia Oktoba. Na kwa mwenyekiti nenda mwenyewe, usimtume mtu, ukae, unywe uji ukipewa.

Lugha, hili nusura nilisahau. Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, mahojiano utayafanya kwa Kiswahili, Kimakonde na Kimakua. Usitafsiri ukiwa ghalani. Kuli akisema "leo tumepigwa", andika hivyohivyo, kwa sababu huenda hajazungumzia mshahara kabisa. Huenda ni mizani. Nimesoma tasnifu za wanafunzi wangu ambamo makuli wote wanazungumza kama mabwana mipango wa wilaya, na kila nikiuliza rekodi ya sauti, sauti ilikuwa na utamu ambao ukurasa umeufuta.

Kwa hiyo mwaka huu rudi ghalani. Chagua kitu kimoja tu, mimi ningechagua ile orodha ya asubuhi ya getini, na ukiangalie msimu mzima. Januari, mnada wa mwisho ukipita, niandikie kurasa mbili: orodha iko kwa nani, inabadilikaje, na ni nani hujawahi kumwona akiitwa. Usiweke nadharia, usiweke majina. Nikizisoma nitakuambia zipelekwe kwa msimamizi gani.